Paka Akipita Sakafu Inalia: Mwongozo Kamili wa Kukaza Sakafu Kuukuu ya Mbao

Wenye nyumba za zamani zenye sakafu ya mbao ngumu, kuanzia Milimani ya Nakuru hadi Milimani ya Kisumu, na kule Kitale na Kakamega nchini Kenya, hurudia kosa lile lile. Sakafu ikilia wanachukua nyundo na misumari ya inchi 3, wanagongelea palipolia, na nyumba inatulia kwa wiki mbili tatu. Mvua ikija na kukatika, sauti inarudi. Safari hii hata msumari mpya unalia.

Kinachowashangaza zaidi ni kwamba sakafu inalia chini ya paka wa kilo 4, na mtu mzima akipita hapo hapo haisikiki. Jambo hilo si la ajabu, na ukilielewa utajua pa kuanzia.

## Vifaa vya chumba kimoja cha futi 12 kwa 12

Tafuta vyote kabla ya kuanza. Kazi hii ikiachwa nusu, mashimo yatakuwa wazi, na paka au sungura ataingiza ukucha humo.

- Skrubu za mbao namba 8, urefu inchi 2½, zilizopakwa zinki: 60. Ukizinunua 100, zinazobaki utazihitaji baada ya mvua.
- Drili, na biti tatu: milimita 3, milimita 4.5 na milimita 10. Nunua mbili za milimita 3, kwa sababu hukatika.
- Bisibisi inayolingana na vichwa vya skrubu.
- Panchi ya msumari na nyundo ya kawaida.
- Gundi nyeupe ya mbao, nusu lita.
- Kabari nyembamba 20 za mbao kavu: urefu inchi 6, ncha moja iwe nyembamba kama kadi na nyingine unene wa milimita 8. Fundi yeyote wa mbao atakuchania.
- Vijiti vya mviringo vya milimita 10, futi 3 hivi, vya kuzibia mashimo ya skrubu.
- Mbao za inchi 2 kwa 6, futi 20, ikiwa boriti zitahitaji kukazwa.
- Mshumaa mweupe usio na manukato, msasa namba 80 na namba 120, patasi ya inchi ¾, chaki, tepu ya gundi na tochi.
- Sumaku yenye nguvu, hata ile ya spika kuukuu ya redio.
- Pakiti mbili za unga wa kilo 2, na gunia dogo la kuzifungia.
- Barakoa ya vumbi. Vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, na kwa wengine hubana kifua.

Usinunue mafuta ya kulainisha, wala zulia la plastiki la kufunika sakafu. Mafuta ya kupikia huchacha, huita sisimizi, na mnyama huyalamba. Zulia la plastiki hufungia unyevu juu ya mbao. Linaficha sauti kwa miezi michache huku ubao ukioza.

## Kwa nini alie mdogo, anyamaze mkubwa

Sakafu hulia pale penye nafasi. Uzito hauhusiki sana.

Ubao uliolegea huwa umenyanyuka juu ya boriti kwa nusu milimita au moja. Mtu wa kilo 70 akikanyaga, ubao unashuka mara moja, unabanwa kwenye boriti na kutulia mpaka ainue mguu. Paka hana uzito wa kuufunga mwanya ule. Kila hatua yake inaupandisha na kuushusha ubao katikati ya nafasi, ukiteleza kwenye msumari juu na chini, na hapo ndipo mlio unapotoka. Kwa hiyo paka anakuonyesha mbao zilizolegea kabisa, zile ambazo msumari wake haubani chochote tena.

Pia, wanyama wadogo hupita wasipopita watu: kando ya ukuta, nyuma ya kochi, chini ya kitanda. Mbao za pembeni ndizo zilizofungwa kwa shida zaidi tangu mwanzo, kwa sababu nyundo haikuwa na nafasi ya kuzungushwa.

Saa nazo zina maana. Paka huchangamka jioni na alfajiri, wakati nyumba inapopoa na mbao zinasinyaa kidogo. Na nyumba yenyewe iko kimya, kwa hiyo mlio ambao mchana ungepotea kwenye kelele za barabara, saa kumi na moja alfajiri unasikika hadi chumba cha pili.

Kutikisika ni jambo jingine. Paka akiruka kutoka mezani, nguvu ya kutua kwake ni mara kadhaa ya uzito wake, tena kwa kishindo kimoja. Mbwa mdogo akijikuna sikio kwa mguu wa nyuma anagonga sakafu haraka haraka, na boriti ndefu isiyo na kizuizi katikati hupokea mdundo ule na kuanza kunepa nao. Vikombe kabatini vinalia. Hapo shida iko chini, kwenye boriti, na skrubu elfu moja juu hazitaiondoa.

## Hatua ya 1: Chagua majira

Fanya kazi hii mbao zikiwa kavu. Nakuru, miezi mizuri ni Januari na Februari. Kakamega na Kisumu, kuanzia katikati ya Desemba hadi Februari, kukiwa na angalau wiki mbili bila mvua kubwa.

Mwezi wa Aprili mbao zimevimba kwa unyevu wa masika. Zinabanana zenyewe na milio mingi inapotea, nawe unadhani zimepona. Ukipiga skrubu wakati huo utakosa nusu ya sehemu mbovu.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Kiangazi nyufa kati ya mbao zinapokuwa pana, mtu anazijaza kabisa kwa vumbi la mbao na gundi ngumu. Masika yakija mbao zinavimba, hazina pa kwenda, na sakafu inainuka katikati kama mgongo wa samaki. Ufa unaoruhusu kadi ya ATM kupita, yaani milimita 0.8 hivi, uache ulivyo.

## Hatua ya 2: Tafuta mlio kwa gunia la unga

Usimfuate paka na chaki. Atakwenda anakotaka yeye.

Funga pakiti mbili za unga kwenye gunia dogo: umepata kilo 4. Chini yake funga kipande cha mbao cha inchi 2 kwa 2 ili uzito utue mahali padogo kama unyayo. Ondoa fanicha. Fanya kipimo saa mbili usiku au baadaye, madirisha yakiwa yamefungwa.

Shusha gunia juu ya kila ubao, kila futi moja, ukianzia ukutani. Liachie kutoka kimo cha inchi 4. Sikiliza, na uweke alama ya chaki:

- X ubao ukilia.
- O ikiwa kuna kishindo kizito bila mlio, au sakafu inarudisha mdundo.
- Mstari ikiwa mlio unatoka kwenye ufa kati ya mbao mbili.

Kwa alama za O, weka glasi iliyojaa maji hadi nusu, umbali wa futi 3 kutoka ulipoangusha gunia. Maji yakicheza kwa sekunde moja au zaidi, boriti inanepa.

Tahadhari moja kabla ya kuamini masikio yako: paa la mabati likipoa jioni hulia pia, na dari hubeba sauti hiyo hadi chini. Kaa kimya dakika kumi bila mtu wala mnyama kutembea. Mlio ukiendelea, si wa sakafu.

Ukifaulu: utakuwa na ramani ya chumba yenye makundi. X nyingi hujipanga kwenye mstari mmoja, na mstari huo kwa kawaida ni boriti moja.

## Hatua ya 3: Shuka uvunguni kwanza

Nyumba nyingi za aina hii zimeinuliwa kwa kuta fupi au nguzo za mawe, na kuna uvungu wa futi 2 au zaidi. Ingia na tochi kabla ya kutoboa chochote. Zima umeme kwenye swichi kuu. Piga ukuta wa nje kwa fimbo mara kadhaa na usubiri, kwa sababu nyoka hupenda vivuli hivi. Vaa buti na glavu.

Angalia mambo manne.

Mchwa. Tafuta njia za udongo zinazopanda juu ya nguzo. Choma boriti kwa ncha ya bisibisi: ikizama zaidi ya milimita 5 bila kusukumwa kwa nguvu, mbao imeliwa au imeoza. Gonga kwa mpini, na sauti ya uwazi ina maana hiyo hiyo. Hapo simamisha kazi ya skrubu, maana skrubu haishiki unga. Boriti hiyo ibadilishwe, au ifungwe nyingine kando yake.

Unyevu. Matundu ya hewa kwenye kuta za nje yawe wazi pande mbili zinazotazamana. Mara nyingi yamezibwa na bustani ya maua, plasta mpya au takataka. Yafungue, kisha uyafunike kwa waya wa matundu ya robo inchi, ambao hewa hupita na panya hapiti. Udongo ukiwa na maji, ondoa chanzo kwanza, kwa kawaida gata iliyovunjika, kisha utandike karatasi ya nailoni ya geji 1000 juu ya udongo, vipande vikipishana inchi 6.

Nguzo zilizoshuka. Sehemu za Kisumu na tambarare ya Kano zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Nguzo iliyosimama juu yake hupanda na kushuka nao. Nakuru nako ardhi ya bonde ina nyufa ambazo hufunguka baada ya mvua kubwa. Pitisha kadi ya ATM kati ya kichwa cha nguzo na boriti. Ikipita kila mahali, boriti inaning'inia hapo.

Waya na mabomba. Katika nyumba za zamani mara nyingine waya umelazwa kwenye kijishimo kilichochongwa juu ya boriti, chini tu ya ubao. Weka alama kila unapoona, ukizipima kutoka ukutani, ili usitoboe hapo ukiwa juu.

Jambo la mwisho kuhusu uvungu linahusu wanyama. Watu wengi humwaga oili chafu ya gari chini ya sakafu kufukuza mchwa, na dawa za mbao za madukani nyingi zina permethrin. Oili chafu ni sumu na huweza kuwaka. Permethrin inaweza kuua paka hata kwa kiasi kidogo kikigusa ngozi yake, na fipronil, dawa nyingine ya wadudu, ni hatari kwa sungura. Kama lazima upige dawa, soma kiambato kwenye lebo, ondoa wanyama nyumbani, na uwarudishe dawa ikiwa imekauka kabisa na uvungu umefungwa. Na kabla ya kufunga uvungu, mhesabu paka. Amewahi kufungiwa humo zaidi ya mmoja.

## Hatua ya 4: Kaza ubao kwenye boriti (alama za X)

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo nenda polepole.

Msumari uliolegea ukigongwa tena unarudi kwenye shimo lile lile lililopanuka. Msumari hushika kwa msuguano tu. Hauvuti. Skrubu huvuta, lakini kwa sharti moja ambalo mafundi wa haraka hulipuuza: meno ya skrubu yashike boriti peke yake, yasishike ubao. Meno yakishika vyote viwili, skrubu inaufunga ubao pale pale ulipo, ukiwa bado umenyanyuka kwa ile nusu milimita. Umekaza mwanya badala ya kuuondoa. Ndiyo maana mtu anapiga skrubu ishirini na sakafu inalia vile vile.

Tafuta boriti. Mistari ya vichwa vya misumari itakuonyesha. Kama misumari imefichwa kwenye ndimi za mbao, yaani kingo nyembamba zinazoingia ndani ya ubao wa jirani, zungushia sumaku kitambaa na uiburute taratibu, utaisikia ikivutwa. Boriti nyingi zimeachana inchi 16, katikati hadi katikati. Thibitisha kwa vipimo ulivyochukua uvunguni.

Pima unene wa ubao. Ng'oa kipande kifupi cha ubao unaozunguka chini ya ukuta, au pima kutoka uvunguni. Ubao wa inchi 1 uliorandwa huwa na milimita 22 hivi. Sakafu iliyosagwa mara kadhaa inaweza kubaki na 15. Ikiwa ni 15 au chini, kina cha tundu la kichwa cha skrubu kiwe milimita 5 tu badala ya 8, la sivyo utaukata ulimi wa ubao.

Zamisha misumari ya zamani milimita 3 chini ya uso kwa panchi. Usiing'oe, kwa sababu kwenye mbao ngumu huwa inapasua.

Toboa kwa mpangilio huu:

1. Biti ya milimita 10, kina milimita 8. Hapa ndipo kichwa na kizibo vitakaa.
2. Biti ya milimita 4.5, pita ubao wote mpaka uhisi umegusa boriti, kisha acha. Funga tepu kwenye biti kuonyesha kina. Tundu hili ndilo linaloruhusu ubao kushuka.
3. Biti ya milimita 3, ingia ndani ya boriti hadi kina cha milimita 65 kutoka juu ya sakafu.

Kwa mvule, toa biti nje kila baada ya sentimita moja uondoe vumbi. Mvule huwa na vipande vigumu kama jiwe ndani yake, vya chokaa, na biti inaweza kufa ghafla katikati ya ubao. Ukisikia imeanza kupiga kelele bila kusonga, usisukume. Sogea inchi 1 pembeni.

Kaza. Mtu mwingine asimame juu ya ubao, miguu ikiwa pande mbili za tundu. Sugua meno ya skrubu kwenye mshumaa, kisha uiingize kwa bisibisi ya mkono kwenye zamu za mwisho. Utauona ubao ukishuka, mara nyingine kwa mlio mmoja mfupi. Simama hapo. Ukizidisha, kichwa kitazama na kupasua ubao, au meno yatachana boriti kama ni ya saiprasi.

Weka skrubu mbili kila ubao unapokutana na boriti, inchi ¾ kutoka kila ukingo. Mwisho wa ubao, rudi ndani angalau inchi 1½.

Ukifaulu: angusha gunia la unga. Hakuna mlio, na kadi ya ATM haipiti kati ya ubao na boriti ukiangalia kutoka chini. Mlio ukihamia ubao wa jirani, usikate tamaa: ubao huo ulikuwa ukiegemea ule ulioukaza. Weka X mpya na uendelee. Kwa chumba kimoja tarajia kurudia mara mbili au tatu.

Ikishindikana: skrubu inazunguka bila kubana. Shimo limechanika. Itoe, ingiza kijiti chembamba kilichopakwa gundi ndani ya tundu la boriti, subiri saa 24, toboa tena. Kuhamisha skrubu inchi 1 ni haraka zaidi pale kuna nafasi.

Mahali ambapo mbwa mchanga au paka amezoea kukojoa pana shida yake. Mkojo hupenya kati ya mbao, misumari hushika kutu, na mbao zenye tanini nyingi (kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao) hugeuka nyeusi kuizunguka. Kutu hula msumari huku ubao ukivimba na kusinyaa, na tundu linapanuka upesi. Safisha, acha pakauke wiki nzima, kisha tumia skrubu mpya inchi 1 mbali na msumari wenye kutu. Usipige juu yake.

## Hatua ya 5: Mbao zinazosuguana (alama za mstari)

Hizi ni rahisi. Mlio wake ni mwembamba, kama wa mlango usio na grisi, na unatoka kwenye ufa.

Safisha ufa kwa kisu chembamba, uvute mchanga wote. Mchanga ndio unaosaga ulimi. Paruza mshumaa uwe unga, uusukume ndani ya ufa kwa kadi, kisha tembea juu ya mbao hizo mara ishirini ili nta iingie. Pangusa inayobaki.

Poda ya watoto hufanya kazi kwa siku chache, lakini hupeperuka, na vumbi lake laini halifai kwa mapafu ya mnyama anayelala hapo. Unga wa risasi ya penseli ni mzuri ila utakuletea nyayo nyeusi juu ya shuka.

## Hatua ya 6: Sakafu inayotikisika (alama za O)

Ukizikuta O katikati ya chumba tu, boriti ni ndefu kuliko uwezo wake. Kwa boriti za inchi 2 kwa 6 zilizoachana inchi 16, urefu wa futi 9 kati ya egemeo na egemeo ni wa kuridhisha. Zaidi ya 10, utaanza kuhisi mdundo. Una njia tatu, kuanzia nyepesi.

Kabari. Palipo na mwanya kati ya boriti na ubao, paka kabari gundi na uisukume kwa kidole gumba, kisha uigonge mara moja kwa wepesi. Inatosha. Kabari iliyogongwa kwa nguvu huinua ubao na kuulegeza kwenye boriti mbili za jirani, na utakuwa umepata milio miwili kwa kuondoa mmoja.

Vizuizi kati ya boriti. Kata vipande vya inchi 2 kwa 6 vinavyobana kabisa kati ya boriti na boriti, uviweke kwenye mstari mmoja katikati ya chumba. Pishanisha kidogo, kimoja mbele na kingine nyuma, ili upate nafasi ya kupiga skrubu mbili kila upande. Kizuizi kimoja kinafanya boriti jirani zisaidiane kubeba kishindo cha paka. Kikiwa kifupi kwa milimita 2, hakifai. Kata kingine.

Nguzo ya katikati. Hii ndiyo dawa kamili. Ukiegemeza boriti katikati, urefu wake unakuwa nusu, na kunepa kwake chini ya uzito ule ule kunashuka mpaka karibu sehemu moja ya nane. Mimina pedi ya zege ya inchi 12 kwa 12, unene inchi 4, uiache wiki moja. Laza mbao ya inchi 4 kwa 4 chini ya boriti zote, usimamishe nguzo za 4 kwa 4 juu ya pedi, na karatasi ya lami kati ya zege na mbao ili unyevu usipande. Juu ya kila nguzo weka kabari mbili zinazotazamana.

Kabari hizo usizikate. Kwenye udongo mweusi pedi itacheza kila msimu, na utahitaji kuzikaza tena kwa nyundo kila Januari.

Ikiwa sakafu imezama na unataka kuiinua kwa jeki, pandisha milimita 1 au 2 kwa siku, basi. Ukiinua sentimita nzima mchana mmoja, plasta itapasuka na milango itakataa kufunga. Egemeo la nyumba likiwa limeshuka zaidi ya inchi 1, au ukuta una ufa unaopanda kutoka sakafuni, muite mhandisi wa majengo aangalie msingi kabla hujagusa jeki.

Ukifaulu: gunia likianguka, maji kwenye glasi yanatikisika mara moja na kutulia.

## Hatua ya 7: Ziba na malizia

Kata vijiti vya milimita 10 urefu wa milimita 12, paka gundi, vigonge ndani ya matundu. Gundi ikikauka, kata kinachojitokeza kwa patasi, kisha msasa 80 na 120. Pitisha kiganja wazi. Ukihisi kibanzi, unyayo wa paka utakihisi pia.

Vanishi ya maji haina harufu kali kama ya mafuta. Ipake mara mbili kwenye sehemu ulizosugua. Hata ikionekana kavu baada ya saa mbili, zuia wanyama siku tatu: makucha huchora vanishi changa, na paka hulamba kila kilichoshika nyayo zake.

## Baada ya mvua

Rudia kipimo cha gunia mara mbili: Juni mbao zikiwa bado na unyevu wa masika, na Januari zikiwa zimekauka. Mlio unaotokea Juni pekee ni mbao zinazosuguana kwa sababu zimevimba, nao unaondoka kwa nta. Unaotokea Januari pekee ni ubao uliosinyaa juu ya boriti, nao unahitaji skrubu moja zaidi, pengine mbili.

Kwa nyumba za Molo, Kitale na Nakuru zenye mahali pa kuotea moto, futi 4 za mbele ya moto hukauka kuliko chumba kingine chote, na ndipo paka anapolala. Hapo pima kila mwaka. Ubao wa mpakani na jiwe la moto usiufunge kwa gundi, uachie nafasi ya milimita 3, kwa sababu huo utaendelea kusogea kila moto unapowashwa hapo.

Mlio ukibaki mmoja chini ya mlango, tazama kizingiti kabla ya kutoboa sakafu. Mara nyingi ubao umebanwa chini yake, na kukwangua milimita 1 ya upande wa chini wa kizingiti kwa patasi kunaumaliza.